Tafuta Anayemtazama Simba

Nilianza kazi ya safari nikiwa msaidizi wa mpishi. Kampuni moja ya Arusha iliniajiri kuosha sufuria, kuteka maji na kusimamisha mahema katika safari za kambi za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Kutoka jikoni nikaenda kusomea uongozaji wa watalii, nikapata leseni, hatimaye nikakabidhiwa gari. Darasani nilifundishwa majina ya ndege na sheria za hifadhi, na yote yalinifaa. Ila somo lililonilisha na kuwasomesha wanangu nilipewa na dereva mmoja mzee aliyenikalisha kando yake njiani. "Kijana," aliniambia, "usimtafute simba. Amelala kwenye nyasi za rangi yake, utampita. Tafuta anayemtazama simba."

Siku iliyonionyesha uzito wa somo hilo ilikuwa ya mwezi wa Februari, pale Seronera, katikati ya Serengeti. Wageni wangu walikuwa walimu wa sekondari kutoka Bariadi, waliochangishana mwaka mzima ili waje. Wote wamekulia jirani na hifadhi, lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia ndani yake.

Tulikuwa tumepiga hema katika kambi ya Nyani, moja ya kambi za umma za Seronera, jirani na Pimbi na Tumbili. Jiko na bwalo vimezungushiwa wavu wa chuma, lakini kambi yenyewe haina uzio. Usiku simba alinguruma, na walimu hawakulala sana. Katika usiku mtulivu ngurumo ya simba yaweza kusikika hata kilomita 8. Mimi nilikuwa nikisikiliza upande inakotokea, maana huko ndiko tungeelekea.

Mpishi aliamka saa kumi akawasha jiko la gesi, na kulipopambazuka chai ya tangawizi na maandazi vilikuwa mezani. Nikawaita walimu tuangalie nyayo pembeni mwa mahema. Nyayo zilikuwa na alama za kucha, nikawaambia ni za fisi, kwa sababu simba huficha kucha zake anapotembea. Kuanzia hapo kila mmoja alitazama chini kabla ya kukanyaga.

Saa kumi na mbili tulikuwa barabarani. Mto Seronera si mkubwa, lakini maji yake hubaki kwenye madimbwi hata kiangazi, nao unapita mahali uwanda wa nyasi wa kusini unapokutana na mapori ya migunga. Penye maji, kivuli na malisho kwa pamoja, wanyama hawahami wote. Tulipofika penye mivungunya mikubwa nikazima injini.

"Mbona tumesimama, mzee?" aliuliza mwalimu wa baiolojia. "Mimi sioni kitu."

"Tusikilize kwanza, mwalimu."

Juu ya mgunga palikuwa na tumbili akilia kwa mkato, akirudia mlio uleule, na wenzake wote walikuwa wamekwishapanda juu. Tumbili hapigi kelele ovyo. Watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili ana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Akisikia wa chui hukimbilia mtini. Wa tai, hutazama juu na kujificha vichakani. Wa nyoka, husimama akikagua nyasi. Hawa walikuwa juu, na nyuso zao zilielekea mvungunya mmoja. Tukaufuata mtazamo wao kwa darubini, tawi kwa tawi, mpaka tukaona mkia ukining'inia. Mwenye mkia alikuwa amelala juu ya tawi, na nyuma yake kulikuwa na mzoga wa swala uliobanwa kwenye panda. Chui hupandisha mawindo mtini ili simba na fisi wasimnyang'anye.

Mwalimu alishusha darubini akasema, "Nimefundisha tabia za wanyama miaka yote hii kwa michoro ubaoni." Hakusema zaidi, wala sikumwuliza.

Saa tatu redio ikaanza kuita. Madereva wenzangu walikuwa wamempata duma juu ya kichuguu, na tulipofika magari yalikuwa yamejipanga pande tatu. Duma huwinda mchana, kwa macho. Anahitaji kumnyatia swala kimya na kumkaribia kabla hajafyatuka, na akizibwa na magari huikosa nafasi hiyo. Nikasimama mbali, barabarani.

"Mzee, wenzetu wamesogea," alisema mmoja wa walimu.

"Nimewaona, mwalimu. Lakini yule ana njaa, na pengine ana watoto. Tukimharibia mlo wake, picha zetu zitamfaa nini?"

Baada ya muda duma alishuka kichuguuni, akakata kupitia upande wetu uliokuwa wazi, akapotelea kwenye nyasi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kujuta kukaa mbali na mnyama anayewinda. Sheria ya kutotoka barabarani nimeishika kwa imani, na wala si kwa kuogopa faini. Gari moja likichepuka, la pili hufuata alama za tairi zake, na baada ya msimu mmoja hiyo tayari ni barabara.

Mchana tukashuka kusini kuelekea Naabi, na huko nyumbu walikuwa wametanda hadi upeo wa macho. Kwa majuma mawili au matatu majike walio wengi huzaa karibu kwa pamoja, na fisi na simba hawawezi kuwamaliza ndama wote. Tuliona ndama aliyezaliwa muda mfupi kabla hatujafika akijaribu kusimama, akaanguka, akasimama tena, na dakika chache baadaye alikuwa akikimbia ubavuni mwa mama yake. Walimu walitaka kujua kwa nini nyumbu huzalia hapo pasipo na mti wa kujificha. Nikawaeleza kuhusu majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai. Majivu hayo yaliganda ardhini yakawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, lakini yaliacha udongo unaootesha nyasi fupi zenye kalsiamu na fosforasi, chakula anachohitaji mama anayenyonyesha.

Kisha nikawaambia habari ya sotoka. Ugonjwa huo ulioua ng'ombe kote Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 uliendelea kuwaua nyumbu kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa, sotoka ikatoweka hata porini, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja.

Mwalimu mmoja mtu mzima, mtoto wa wafugaji, akaniangalia. "Baba yangu alikuwa akipeleka ng'ombe kwenye chanjo," alisema. "Nilikuwa nikimsaidia kuwaswaga."

"Basi na nyinyi mna mkono wenu hapa, mwalimu," nikamjibu, nami nilimaanisha hivyo.

Jioni tulikuwa tunarudi Seronera, wengine wakisinzia, mwalimu wa baiolojia aliponigusa bega. "Mzee, wale twiga mbona hawali?"

Twiga watatu walikuwa wamesimama kando ya migunga yenye majani tele, midomo imetulia, shingo zote zimeelekea upande mmoja. Mimi nilikuwa nikiangalia barabara. Nikageuza gari kwenye njia iliyoelekea huko, polepole, na chini ya mgunga wa mwisho tukawakuta simba majike wawili na watoto wao. Hapakuwa na gari jingine. Redio haikuwa imesema lolote. Mwalimu alikuwa amewapata mwenyewe, na nimeongoza wageni wengi waliolipa fedha nyingi bila kuwaona wakifurahi namna ile.

Usiku, juu ya wali na maharage, walimu walipanga jinsi ya kuwaleta wanafunzi wao. Walipiga hesabu ya basi, ya chakula na ya mahema ya kuazima, na mimi nikawaambia kiingilio cha mwanafunzi wa Kitanzania ni kidogo, kigumu ni usafiri. Waongozaji vijana huniuliza ni mgeni gani wa kumtamani, wakidhani nitawatajia mwenye bahashishi nene. Nawaambia wamtamani mwalimu kutoka kijiji cha jirani. Yeye akijua kuisoma nyika, darasa zima litajua, na darasa hilo ndilo litakaloishi kando ya Serengeti na kuamua, kwa kura zake na kwa mifugo yake, kama nyumbu wataendelea kupita.