Saa ya Kuogelea: Kabla Hujafungua Pochi

Daktari aliponikataza kukimbia kwa sababu ya goti, akanihimiza kuogelea ili niteremshe shinikizo la damu, aliniagiza pia niandike muda na umbali wa kila zoezi. Mimi nikiwa majini nasahau hesabu baada ya mzunguko wa nne. Hapo ndipo nilipoanza kupita katika maduka ya Kariakoo kutafuta saa ya michezo.

Jambo linalowapumbaza wanunuzi wengi ni maandishi ya mgongoni mwa saa: mita 30, mita 50, mita 100. Hudhaniwa kuwa ni kina ambacho mtu aweza kuzamia nayo. Sivyo, ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, ilhali mkono wa mwogeleaji hupiga maji kwa nguvu. Saa ya mita 30 yastahimili manyunyu ya mvua na maji ya udhu, basi. Ya kuogelea na ianzie mita 50.

Bwawani saa haihitaji setilaiti. Unaiambia urefu wa bwawa, mita 25 au 50, nayo huhisi mwendo wa mkono na unavyogeuka ukutani, kisha hujumlisha. Ndiyo maana mwenye kushika ubao akapiga miguu pekee hujikuta hakuandikiwa kitu. Baharini mambo ni mengine. Mawimbi ya GPS hayapenyi majini, hivyo saa hudaka setilaiti pale tu mkono unapotoka juu. Anayeogelea kwa mtindo wa chura, mikono ikiwa chini muda mwingi, huweza kuletewa ramani iliyopinda kama njia ya ng'ombe.

Muuzaji mmoja alinisifia saa ya kioo cha kugusa. Nilimwomba maji kidogo nikainyunyizia. Kurasa zikaanza kujifungua zenyewe. Nami nasema, vitufe ni bora.

Lililonishughulisha zaidi ni mapigo ya moyo. Taa ya kijani iliyo chini ya saa husoma damu kupitia ngozi, na maji yakiingia kati ya saa na ngozi usomaji huvurugika. Kwa mtu mwenye maradhi kama yangu hili si dogo: namba ile haiwezi kushika nafasi ya kipimo cha zahanati, wala haifai kumfanya mtu apunguze dawa kwa rai yake mwenyewe.

Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Unanunua afya, au unanunua kuonekana?" Swali hilo lilikuwa na haki yake, kwani fedha ile ile ilikuwa ikisubiriwa na karo ya muhula. Tukakubaliana juu ya toleo la zamani lenye vitufe, la mita 50, lisilo na muziki wala ramani za kupendeza. Kilichobaki kilikwenda shuleni.

Mkanda huifunga saa barabara, kwa hiyo wakati wa udhu naulegeza ili maji yafike kwenye ngozi. Nikitoka baharini naisuuza kwa maji baridi, maana chumvi ikikaukia kwenye vitufe huvikwamisha. Kila jioni nahamishia namba zake daftarini, kwani daktari wangu hana habari na programu za simu. Yeye ataka karatasi.