Boom langu na kande za darasa la saba

Nimerudi chuo jana usiku, bado nina uchovu wa safari, lakini kuna jambo linanikaa kooni tangu Tabora. Acheni nilitapike.

Likizo nilipita shuleni kwangu kusalimia. Mimi nilimaliza la saba 2015. Enzi zetu kambi ya likizo ya Juni ilikuwa wiki nne: asubuhi hesabu, mchana kande, jioni majaribio mpaka jua linazama. Mtihani wa Septemba ulitukuta tumeiva. Safari hii nikakuta kambi ni wiki moja tu.

Nikamuuliza mwalimu wangu wa zamani, kulikoni? Akacheka kidogo. "Mwanangu, walimu tupo, chaki ipo. Posho ndiyo haipo."

Enzi zetu wazazi walichangishwa. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, michango ya lazima ilikatazwa, na mimi naunga mkono, maana nawakumbuka wenzangu waliorudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Ila ruzuku iliyowekwa kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo kuna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati. Kande za likizo utazichomeka wapi?

Nikajitolea kufundisha sehemu siku tatu. Kuna dogo mmoja anatokea upande wa Kwihara, anakuja kwa mguu. Mchana wenzake wa mjini wanakimbia kwao kula, yeye anakaa chini ya mwembe, anatoa matobolwa mawili mfukoni, anatafuna polepole ili yachelewe kuisha. Siku ya mwisho akaniuliza, "Mwalimu, wiki ijayo tunaendelea?" Nikajifanya natafuta dasta.

Njia ile anayopita dogo ndiyo ya misafara ya zamani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na Tabora ndipo misafara ilipopumzika na kutafuta chakula kabla ya kuendelea Ujiji. Mpagazi asiyepewa posho alitua mzigo akaondoka, na hakuna aliyemwita mvivu. Leo mtoto akiacha kambi kwa njaa tunasema hapendi shule.

Sasa hii ndiyo iliyonikosesha usingizi kwenye treni. Mwaka wa masomo 2022/23 posho yetu ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000. Kwa siku! Na bado boom likichelewa tunalalamika chuo kizima, mimi nikiwa mstari wa mbele. Sisemi tupunguziwe, maisha ya huku mnayajua. Nasema tu kwamba hela yangu ya siku moja ndiyo hela iliyopangiwa yule dogo kwa mwaka mzima.

Bajeti ikibana, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho anayekata hatakikosa. Yeye mchana atakula.

Mchango wa hiari haujakatazwa. Boom likitoka, nakata siku mbili zangu, namtumia mwalimu anunue mahindi na maharage kwa kambi ijayo. Watu wa Tabora tuliopo hapa chuo tunajuana. Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho nitakuwa kantini, meza ya dirishani, na daftari. Msije mikono mitupu.