Ukungu

Mtu wa Njombe hafundishwi ukungu. Siku ile tulitoka Makambako alfajiri, baba mdogo akiendesha, tukiwahi mazishi ya bibi. Mbele ya taa weupe mtupu. Akaegesha pembeni. "Sioni. Nasimama."

"Baba mdogo, si unaijua njia hii tangu utoto?"

Hakujibu. Tulifika kaburi limekwisha fukiwa. Nikamnunia miaka.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikienda kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya, ilianguka Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 walikufa 19. Baadaye nilikutana na rubani, nikamwuliza: mnatuaje bila kuona?

"Mawinguni tunafuata vyombo tu," alisema. "Lakini kuna kimo kilichopangwa. Ukifika hapo hujauona uwanja, unapanda tena. Abiria watanuna, wanune."

Loh! Jioni ile nikapiga simu.

"Shikamoo, baba mdogo. Nisamehe kwa ile siku ya ukungu."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Mama alikwisha kwenda. Nilikuwa nimekubeba wewe."

Ndugu msomaji, miaka yote ile nilisahau: aliyezikwa alikuwa mama yake.