Krapi wa Desemba Harudishwi Majini

Mjomba,

 Uliniuliza kwenye simu watu wa huku Dallas huvua nini wakati wa baridi, nikakujibu mbio mbio kwamba ni krapi. Jibu lile halikutosha. Samaki huyu ana sheria ambayo sijapata kuisikia ufuo wowote wa kwetu, na tangu niijue nimekuwa nikiwawaza wavuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu.

Mashariki ya Dallas, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, kuna ziwa linaloitwa Lake Fork. Miezi mingi ya mwaka huruhusiwi kuondoka na krapi aliye chini ya inchi 10, yaani kama sentimita 25. Akiwa mdogo, unamrudisha. Ifikapo tarehe 1 Desemba mambo hugeuka, na hubaki yamegeuka hadi siku ya mwisho ya Februari. Kila krapi utakayemtoa majini, hata awe mdogo vipi, ni wako na lazima umchukue. Wakifika 25 umemaliza, unakunja mshipi. Kumrudisha ndilo kosa. Ziwa jingine la Texas, Lake O' the Pines, lina sheria hiyo hiyo.

Sababu yake imo tumboni mwa samaki. Wakati wa baridi krapi hushuka mbali chini, mita nane, kumi, hata zaidi. Huko chini maji yanamkandamiza, na kile kifuko chake cha hewa kimekaa sawasawa na uzito huo. Ukimvuta juu ghafla, mkandamizo unamwacha na kifuko kinafura. Utamwona tumbo limejaa, macho yamemtoka. Umtupe majini, ataelea ubavu na kufa. Sasa fikiria mvuvi anayechagua: anavua 60, anabeba 25 walio wakubwa, na wale wengine wote wanakuwa chakula cha ndege. Waliotunga sheria wakaona ni afadhali mtu abebe 25 wa kwanza, wakubwa kwa wadogo, kisha aende zake. Hapo wafu ni 25 na wote wanaingia jikoni. Sijui sheria nyingine ya uvuvi inayosikiliza mwili wa samaki namna hii, na ninaipenda.

Krapi mwenyewe ungemkubali. Umbo lake ni bapa kama ngege, ana madoadoa meusi juu ya magamba ya fedha, na nyama yake ni nyeupe, laini, tamu. Mdomo wake una ngozi nyembamba mno. Ukimvuta kwa nguvu unachanika na ndoano inabaki tupu. Kwa hiyo mkono wa mtu aliyezoea kupambana na mbuta hauna budi kujifunza upole.

Msimu wake mzuri huanza mwezi wa kumi. Joto linapopungua, maji ya juu hupoa, yakawa mazito na kuzama, na yale ya chini yaliyokaa kiangazi chote bila oksijeni yakapanda. Ziwa zima huchanganyika. Baada ya hapo samaki wanaweza kuishi kina chochote, na vijisamaki waitwao shadi, ambao ungewadhania omena walionenepa, huingia kwa makundi kwenye hori za ziwa. Krapi huwafuata. Ziwa letu la Viktoria nalo hugeuka, ila kwetu kinachofanya kazi hiyo ni upepo wa kusi kati ya Juni na Agosti. Na maji ya chini yakipanda kwa nguvu, madhara huonekana. Hujasahau mwishoni mwa 2022, samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wa Kisumu, wataalamu wakaeleza kwamba maji yenye oksijeni kidogo yamepanda kutoka chini. Wenye vizimba walipata hasara kubwa.

Lake Fork ni ziwa la kutengenezwa. Bwawa lilikamilika mwaka 1980, na miti mingi ikaachwa imesimama ilipokuwa, ikafunikwa. Ukiwa kwenye mashua asubuhi ya Januari unaona vichwa vya miti mikavu vimetokeza kila upande, na chini ya vile vigogo, au kando ya nguzo za madaraja ya barabara, ndipo krapi hujikusanya. Watu husogeza mashua hadi mtini, wakaifunga hapo, wakashusha mshipi wima. Chambo ni kijisamaki hai, kinachonunuliwa kwa dazeni kwenye duka la karibu na ziwa, au ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi iliyovishwa manyoya. Kisha ni kungoja bila kutikisa chochote. Baridi inapunguza kasi ya damu ya samaki, hakimbilii chambo. Mara nyingi huja kutoka chini, anakimeza na kuinuka nacho kidogo, na dalili pekee unayoiona ni mshipi uliokuwa umenyooka kulegea. Mtu wa kando yangu alinionyesha mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nangojea mvuto.

Siku hizi wengi wana mtambo wa sauti unaowaonyesha samaki kwenye kioo wakiogelea wakati ule ule, hata chambo chako unakiona kikishuka. Wazee wa hapa wanalalamika kwamba krapi hana tena pa kujificha. Nadhani wana haki. Ukomo wa 25 uliwekwa kabla ya mitambo hiyo, wakati ilimchukua mtu siku nzima kuwafikisha.

Kuna jambo lingine la ziwa hili ambalo lingekufurahisha. Januari 1992 mvuvi mmoja, Barry St. Clair, alikuwa akivua krapi hapo kwa kijisamaki hai, ndoano ikashikwa na besi mwenye mdomo mpana wa ratili 18.18, zaidi ya kilo nane. Mpaka leo ndiye besi mkubwa kuliko wote waliosajiliwa Texas. Fikiria mshipi mwembamba vile!

Krapi hauzwi, mjomba. Sheria ya Texas inakataza kuuza samaki wa aina yake aliyevuliwa ziwani. Karibu kila mvuvi mtu mzima hulipia leseni, na kila ndoano inayonunuliwa dukani ina kodi ndani yake, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1950, ambayo inarudi kwenye majimbo kutunza samaki. Watu wanavua kwa burudani na kitoweo. Nyumbani kwao hukata minofu kwa kisu cha umeme, kichwa na mifupa vikaenda pipani. Moyo unaniuma kila nikiona, mimi niliyekua nikijua mgongo wazi wa Obunga, yale mabaki ya mbuta aliyetolewa minofu, umelisha nyumba ngapi. Wangu mimi naparua magamba, nakaanga mzima, naunga nyanya, nakula na ugali.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba Dunga iige Texas. Mtu anayezuiwa omena kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai anazuiwa karo na unga, na huku hakuna anayelala njaa kwa sababu ya krapi. Ninachotamani kwetu ni kitu kimoja tu: sheria inayojua samaki yuko kina gani. Mbuta aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuchukuliwa. Kwenye ghuba yetu ya Winam, ambako maji ni mafupi, ni sheria nzuri, kwa kuwa ukimrudisha ana nafasi ya kuishi. Lakini yule anayetolewa na ndoano kwenye maji marefu ya ziwa kuu, akafika juu tumbo limefura kama la krapi wa Januari, anarudishwa ili iweje? Anakufa, na mvuvi anarudi mikono mitupu, sheria ikiwa imefuatwa.

Wewe unakaa na watu wanaotega mishipi ya mbuta, na kamati ya ufuo inakusikiliza. Waulize ni wangapi kati ya wale wadogo wanaowarudisha huzama wakaogelea, na wangapi huelea. Wahesabu kwa msimu mmoja, ghuba kando na maji makuu kando, waandike kina na urefu wa kila samaki. Hesabu ya wavuvi wenyewe ndiyo itakayomfanya afisa wa uvuvi akae kusikiliza. Ukinitumia hata ya wiki ya kwanza, nitaitafutia nafasi kwenye safu hii.

Wako, mpwa wako wa Dallas.