Nyayo Mchangani

Wiki ya kwanza mjomba hakunifundisha kupiga. Alinifundisha kutembea tu.

Nilikuwa nimerudi Nanighi baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda. Kila mama alipouliza narudi lini masomoni, niliinuka nikatoka nje.

Mjomba alikaa Lamu miaka mingi, akicheza kirumbizi kwenye Maulidi na harusi: wanaume wawili, kila mmoja na fimbo yake, ngoma na zumari zikiwachochea. Kwetu hakukuwa na zumari. Jioni tulishuka Mto Tana, pale maji yalipopungua yakaacha mchanga, tukacheza kimya kimya.

“Usitazame fimbo, itakudanganya. Tazama kifua changu.”

Kila baada ya mzunguko alinionyesha nyayo zangu. Zilirudi nyuma moja kwa moja, hadi karibu na maji.

“Mimi nisipokupata, mamba atakupata. Toka pembeni, mpwa wangu. Hatua fupi, miguu isipishane.”

Baadaye nikagundua kitu: pigo la mwisho lilikuwa langu kila mara. Nikadhani ni uzee. Halafu usiku mmoja, kwenye simu, nikasoma kuhusu shule za kale za upanga Japani. Huko watu hufanya mazoezi wawili wawili. Mwenye ujuzi zaidi, uchidachi, ndiye anayeshambulia na ndiye anayeshindwa, ili mwanafunzi ajifunze kushinda. Lakini lazima ashambulie kwa dhati, la sivyo mwanafunzi hapati kitu.

Kesho yake nikamuuliza, “Mjomba, kumbe unaniachia?”

Akacheka. “Nakuachia vipi? Mimi napiga kweli. Simama hapo hapo uone.”

Nilisimama. Mkono ulivimba siku mbili.

Wajapani wana neno zanshin, yaani akili kubaki pale pale hata baada ya pigo. Mjomba hakuwa na neno. Yeye hakushusha fimbo tu mpaka macho yetu yakutane. Mimi nilikuwa nikishageuka zamani, nikitafuta viatu vyangu.

Jana tukiwa tunakula, mama ameuliza tena. Miguu ilitaka kuinuka, niliisikia kabisa. Nikakaa. Nikamtazama, nikamtajia deni lote ninalodaiwa na chuo, shilingi kwa shilingi, kwa mara ya kwanza.

Hakusema kitu kwa muda. Nami sikuondoka.