Buki, Mwana wa Abishua

Tusomapo orodha za makuhani sisi huliruka upesi jina la Buki, mwana wa Abishua, babaye Uzi. Hakuna tendo lake hata moja lililoandikwa. Lakini Ezra alipokwea kutoka Babeli, mwaka wa 7 wa mfalme Artashasta, ukoo wake ulitajwa hata Haruni, na Buki yumo. Kabla yake, waliporudi watu pamoja na Zerubabeli, wana wa Habaya na wa Hakosi walitafuta majina yao orodhani, yasionekane, wakazuiwa ukuhani. Basi, jina la Buki si dogo. Nasi huku Hasamba tuwaulize wazee majina ya babu zetu, tuyaandike wangali hai. Kwani mzee akizikwa, huzikwa pamoja na majina aliyoyashika moyoni.