Video zako zikae wapi, uzitazame bila bando

Ndugu mkulima, na wewe mwenye kibanda umiza, wiki hii naacha habari za dumuzi.

Nina video nyingi nilizorekodi mashambani, pamoja na za nyumbani. Mojawapo ni ya marehemu mama akipepeta mahindi. Zilikuwa zimetapakaa kwenye simu na flashi. Nikazikusanya kwenye kompyuta moja ya zamani, nikaweka programu ya seva ili simu yoyote iliyo kwenye waifai yangu izifungue. Programu ile ya kwanza ilitaka niingie kwa akaunti ya mtandaoni. Siku kikundi kimekaa, mtandao haukuwepo. Watu thelathini na kitu wameikodolea macho kompyuta, nayo imegoma. Niliona aibu kweli.

Sasa natumia Jellyfin. Ni ya bure, ilichipuka kutoka Emby mwaka 2018, na akaunti zake zinakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ruta ikiwaka, hata kama haina bando, simu zinaona video. Kama unatazama kwenye televisheni moja tu, Kodi inatosha, usijisumbue na seva.

Kinachowachosha wengi ni video kukwamakwama. Simu isipoweza kusoma aina ya video, seva huibadilisha papo hapo, na kompyuta dhaifu huchemka. Hifadhi zako kwa MP4 ya H.264, karibu kila simu huisoma.

Tena seva si akiba. Ile ya mama nimeinakili kwenye diski nyingine, iko kwa dada yangu.